Ukumbi wa Kengele

4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Habari za huko kwako? Sisi tu wazima, isipokuwa kaka yako, ambaye goti lake limemfanya mtabiri wa mvua: likimuuma tunaanua nguo, na mvua hainyeshi. Pacha hawajambo. Wote wawili wamenyoa ndevu wiki moja bila kuambiana, nimeanza tena kuwachanganya kama walipokuwa wachanga. Na wewe presha inasemaje? Dawa unakunywa, au unazitazama tu?

Nina jambo. Ule ukumbi wa shule yetu umekwisha, umeezekwa na kupakwa rangi. Wanafunzi wa zamani wameamua upewe jina la marehemu mwalimu mkuu wetu, na mimi, kwa kuwa ndimi niliyekalia kiti chake baada yake, wamenifanya mwenyekiti wa kamati. Ufunguzi ni mwishoni mwa Mei.

Tunaomba walimu wastaafu waliofanya naye kazi waandike kumbukumbu zao, ukurasa mmoja tu: mlivyoanza kazi, alivyowalea, mnavyoitazama safari sasa mkiwa mmepumzika. Zitasomwa siku hiyo. Nilipokutaja wewe, kamati nzima ilipiga makofi. Wanamkumbuka Bi Hesabu wao. Mmoja alisema mpaka leo akikata keki anasikia sauti yako nyuma ya bega: "Sawasawa! Robo si kipande chochote tu!"

Lile jina la utani la marehemu, Kengele, usiogope kulitaja. Vijana wenyewe wanalichekea. Mshereheshaji atauliza ukumbini nani aliwahi kuonja Kengele, wanyooshe mikono. Unakumbuka alivyokuwa: kofi moja tu, na sikio linalia ngaa mpaka saa ya kwenda nyumbani. Ndiyo yalikuwa malezi ya enzi zile.

Najua yalikuwepo mambo baina yenu. Lakini mtu ameshakufa, wifi. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kaka yako anakusalimu sana.

Wifi yako akupendaye,
Mama Pacha

15 Februari

Mama Pacha,

Salamu nakupa kwa sababu nilifunzwa adabu, si kwa sababu moyo unataka. Kaka yangu apake goti mafuta ya moto. Presha yangu ilikuwa nzuri mpaka barua yako ilipofika. Nakuandikia, sikupigii, kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila ninapokaribia penyewe.

Umeniomba kumbukumbu. Haya, pokea.

Nilikuwa na darasa la tano. Ubaoni alisimama mtoto mwembamba, wenzake walimwita Msumari, anagawanya namba ndefu. Alikuwa na tabia ya kugeuka kila akiandika tarakimu, aniangalie usoni kama amepatia. Siku hiyo nikamwambia, "Leo usigeuke mpaka umalize. Uamini mkono wako." Kengele akaingia. Darasa zima likasimama kumpa heshima. Msumari alikuwa tayari amesimama, mgongo kwa mlango, anaandika. Alinitii mimi. Kengele hakuuliza kitu. Alipita katikati ya madawati akampiga kofi la sikio la kushoto, mtoto akagonga ubao kwa paji la uso. Chaki haikumtoka mkononi. Watoto walicheka, wifi, maana walishazoea kucheka. Kisha wakaiona damu inatoka sikioni inaingia kwenye kola, wakanyamaza.

Wewe ulikuwa darasa la jirani, na lile dirisha la katikati halikuwa na kioo. Uliona. Nami nilikuona ukiona.

Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Nikaandika ripoti kwa ofisi ya elimu. Wakaja mabwana wawili, wakanywa soda ofisini kwa Kengele, wakataka shahidi. Ukawaambia mtoto alianguka uwanjani wakati wa mapumziko. Alianguka! Na chaki mkononi!

Muhula haujaisha nikapata uhamisho. Wa kawaida, walisema. Shule niliyopelekwa haikuwa na milango. Iliyofuata ilikuwa na milango, haina madawati. Ya tatu ilikuwa na vyote, ila mwalimu mkuu alinipokea getini kwa maneno haya: "Nimesikia wewe ni mgomvi." Sifa yangu ilipanda basi kabla yangu. Wewe ukawa mkuu msaidizi, ukawa mkuu. Mimi nilistaafu mwalimu wa darasa kama nilivyoanza. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani isiyo na betri, na ofisa aliyesoma hotuba akawaambia watu nilikuwa mwalimu hodari wa kuimba. Kuimba, mimi! Hata kanisani wananiomba nifungue mdomo tu bila sauti.

Usidhani ninalilia cheo. Nilikuwa mwalimu mzuri, Mama Pacha. Mtoto ambaye wenzangu walishamwita gogo, mimi nilikaa naye na karatasi na mkasi mpaka siku anasimama mwenyewe kuwaeleza wenzake theluthi ni nini. Katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu akaliona hilo. Walishasikia "mgomvi", ikatosha. Sasa nimekaa hapa na vidole vinavyouma kwa chaki, na wewe unaniletea ujumbe kwamba aliyempasua mtoto sikio ndiye atakayeandikwa ukutani.

Unasema yaliyopita si ndwele. Sikio lile lilipona lini? Na hilo neno "kuonja", lifute. Kinachoonjwa ni chakula.

Kamvikeni maiti wenu kilemba cha ukoka bila mimi. Ila kama ni kumbukumbu mnataka, isomeni hii.

Wifi yako

1 Machi

Wifi,

Habari za siku. Goti la kaka yako limetulia, sasa ni kifua. Barua yako aliifungua yeye, akaisoma akiwa amesimama, akanipa akasema, "Hii yako," akatoka nje. Unamjua, mtu wa kuongea mpaka na redio. Siku hiyo hata redio hakuijibu.

Sitakubishia. Lakini kama umeamua kuandika, ungeandika yote.

Wale mabwana walipokuja, pacha walikuwa wachanga, mmoja kalazwa ana homa ya mapafu. Kaka yako alikuwa amefukuzwa kiwandani. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shule. Kengele aliniita kabla hawajafika, akanikaribisha kiti, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, unajua nyumba zetu za walimu ni chache." Wewe ulikuwa huna mume wala mtoto. Ulikuwa na mdomo wako, na mdomo hauhitaji paa.

Umesema nilikuwa mkuu. Ndiyo, nilikuwa. Siku yangu ya kwanza niliwaita walimu wote nikawaambia atakayemgusa mtoto sikio aanze kufunga virago. Mpaka nastaafu hakuguswa hata mmoja. Hilo hukuliandika, kwa sababu hujawahi kuuliza. Ulipohamishwa ulikata mguu. Pacha wamekua wakikujua kwa picha, shangazi yao wa damu, kwa ajili ya kofi ambalo sikulipiga mimi.

Na marehemu ndiye aliyejenga nusu ya shule ile kwa kuwaangukia matajiri miguuni. Huwezi kumpima mtu kwa mkono wake mmoja.

La mwisho, kwa kuwa naona hulijui. Viti vya ukumbi anavitengeneza Msumari. Yule yule. Ana karakana kubwa sasa, mashine, wafanyakazi, gari. Alikuja kwenye kamati, akapima, akataja bei yake, akatupa sote mkono, mimi nikiwemo. Hakutaja sikio. Kama mwenye sikio amesamehe, wewe mwenye mawili unalia nini?

Wifi yako,
Mama Pacha

29 Machi

Mama Pacha,

Natumai kifua cha kaka yangu kimepata nafuu. Nilifika mjini kwenu wiki iliyopita na kwako sikupita. Utakuwa umeshaambiwa, maana mji huo hauna siri. Nilikwenda kwa Msumari.

Nilikwenda kwa hasira, sikufichi. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa napanga maneno. Niliona nitamshika mkono, nitaingia naye ukumbini siku ya ufunguzi, nisimame naye mbele ya meza yenu, niwaambie: mtazameni.

Karakana ni kubwa kweli. Mashine zinanguruma, vumbi la mbao mpaka kwenye kope za watu. Yeye amenenepa, ana kitambi cha mtu anayekula kwa wakati, anawafokea vijana wake kwa sauti ya juu kama wasiosikia ni wao. Aliponiona akazima mashine. Akanikumbatia, akanizungusha mpaka nikawa kulia kwake, akaniletea kiti, akaagiza chai. Nikamweleza nilichojia. Akasikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

Akasema, "Mwalimu, sasa unataka kunipeleka nikafanye nini?"

"Wakuone."

"Waone nini? Sikio lililokufa halina alama. Linafanana tu na lenzake."

Nikamwambia watu wanamsifu mtu aliyemlemaza. Nikamwambia dunia nzima imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Unanijua nikianza. Akaacha niseme, kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nikuulize. Umekaa hapa muda wote huu. Umeviona viti vyangu?"

Nikatazama. Vilikuwa vimepangwa mbele yangu, safu kwa safu, mbao nyekundu, vimepigwa msasa mpaka vinang'aa. Wallahi sikuwa nimeviona.

"Kila ukikutana na mimi unaniangalia sikio," akasema. "Hata siku ya harusi yangu ulikuja ukaliangalia sikio ukalia, mke wangu akadhani kuna siri nimemficha. Mimi ni mtu mzima. Nina watoto watatu na kodi ya karakana. Hizo hasira unazo, nami sikukatazi, ni haki yako. Lakini nyingi ni za uhamisho wako. Usinivalishe mimi."

Nikasimama. Nikamwambia, "Niliharibu kazi yangu kwa ajili yako!"

"Najua," akasema. "Na sijawahi kukuomba radhi kwa hilo, wala sitakuomba. Nilikuwa mtoto."

Nikaondoka na chai sijaimaliza. Kwenye basi nilikasirika mpaka aliyekaa karibu yangu akahama kiti. Nimkasirikie nani? Kengele yuko kaburini. Msumari alisema kweli. Unabaki wewe, na wewe umeniandikia habari za mtoto mwenye homa ya mapafu, na mimi kweli sikujua kama alilazwa. Kwa nini hukuniambia siku ile? Tulikuwa tunaazimana chumvi!

Sitakuja kwenye ufunguzi. Kumbukumbu sitaandika. Kumsumbua Msumari nimeacha. Lakini usidhani nimepoa. Ulisema alianguka, Mama Pacha. Homa ya mtoto inaeleza kwa nini ulisema, ila haiondoi kwamba ulisema.

Wifi yako

2 Juni

Wifi,

Leo sikuulizi hali. Nakuuliza: umefurahi?

Maana siamini kwamba hukumpanga. Ulikwenda kwake Machi, Mei akafanya alichofanya. Hata mtoto wa chekechea angejumlisha.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wamesimama madirishani. Meza kuu tulikaa mimi, ofisa elimu, mjane wa marehemu na watoto wake. Pacha walikuwa mstari wa mbele, kaka yako katikati yao na kikohozi chake. Mshereheshaji akauliza nani alionja Kengele, mikono ikaja juu kama msitu, watu wakacheka mpaka wengine wanafuta machozi. Nikasema moyoni, unaona, wifi angekuwepo angeona hakuna kinyongo.

Kisha akamwita fundi wa viti ashukuriwe. Msumari akapanda jukwaani na suti. Mshereheshaji alisimama kushoto kwake akamwuliza, "Na wewe fundi, uliionja?" Msumari kimya, anatabasamu tu kwa watu. Akamwuliza tena. Kimya. Watu wakaanza kucheka. Ndipo Msumari akamshika yule kijana mabega yote mawili, taratibu, kama anayehamisha kabati, akamweka upande wake wa kulia. Akasema, "Rudia, mdogo wangu. Upande ule hamna mtu."

Kijana akarudia, sauti imeshampungua. Msumari akachukua kipaza sauti. Sikuandikii kwa kubahatisha, maneno haya ninayo kichwani asubuhi na jioni.

"Nilipigwa darasa la tano. Tangu siku hiyo sikio la kushoto halijasikia kitu. Sikuja kumsema marehemu, mkewe yuko hapa na mimi namheshimu. Mmeniuliza, nimejibu. Waliokuja kuchunguza waliambiwa nilianguka. Aliyewaambia yuko pale meza kuu, na kiti alichokalia nimekitengeneza mimi. Akae kwa amani. Kile hakitamwangusha."

Akarudisha kipaza sauti, akashuka, akatoka mlango wa pembeni.

Wifi, hakuna aliyecheka wala kukohoa, hata kaka yako. Mjane akaniangalia. Ofisa elimu akatazama ratiba yake, akaninong'oneza, "Mwenyekiti, ni wewe sasa, kuvuta pazia." Nikainuka. Nikaishika ile kamba, na nikaivuta. Jina likatokea. Watu watatu au wanne wakapiga makofi wakaacha.

Nyumbani pacha mkubwa akaniuliza, "Mama, ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akachukua funguo zake. Mdogo wake akamfuata bila kuaga. Hawajapiga simu tangu siku hiyo. Kaka yako analala sebuleni, anasema ni kwa sababu ya kikohozi.

Umenivua nguo mbele ya watoto wangu. Na ujue kitu kimoja: wewe hakukutaja. Hata neno moja.

Mama Pacha

11 Juni

Mama Pacha,

Habari za msiba wako.

Sikumpanga. Nakuapia kwa kaburi la mama yetu aliyekupokea nyumbani kwetu ukiwa bi harusi. Alinifukuza karakanani kwa maneno matamu, na tangu siku hiyo sijamwona wala kumpigia. Alichosema ni chake mwenyewe.

Sikufurahi. Miaka yote nilidhani siku hiyo ikija nitapiga vigelegele. Nilisoma barua yako jikoni, mboga ikaungua. Uliposema hakunitaja, iliniuma, na nikajichukia kwa kuona kwamba imeniuma. Basi ndiyo mimi, mwalimu mstaafu, mpaka leo nasubiri mtu akae nyuma ya darasa langu.

Lakini hilo la kamba siwezi kulimeza. Mtu amesema mbele yako, mbele ya watoto wako, na bado ukavuta! Safari hii hakuna aliyekuwa na homa. Hakuna aliyekutishia nyumba. Ulivuta kwa sababu ratiba ilisema uvute.

Pacha nimewapigia. Ndiyo, mimi. Nimewaambia habari za hospitali na nyumba ya shule, kama ulivyoniandikia, sikuongeza wala kupunguza. Watakayoamua ni yao. Mkubwa ana sauti ya baba yangu kabisa, ilinibidi nikae.

Usinijibu upesi. Fikiri kwanza.

Wifi yako

20 Septemba

Wifi,

Natumai u mzima, na dawa unakunywa. Nimechelewa kukujibu kwa sababu uliniambia nifikiri, na mimi si mwepesi wa kufikiri kama wewe ulivyo mwepesi wa kusema.

Kaka yako amerudi chumbani. Kikohozi hakijaisha, lakini amerudi. Pacha mdogo huja Jumapili, anakaa kidogo. Mkubwa bado. Namshukuru aliyewapigia simu.

Jana nilikwenda kwa Msumari. Sikumwambia mtu, hata kaka yako nilimwambia naenda sokoni. Nilimkuta ameinama kwenye mashine, anapitisha mbao. Niliogopa nikisubiri nitakimbia, kwa hiyo nilimsogelea tu nikaanza kusema. Nilisema yote, wifi. Dirisha lisilo na kioo. Soda za wale mabwana. Neno "alianguka", jinsi lilivyotoka mdomoni jepesi. Kamba niliyoivuta. Nikamwomba radhi kama mtu anavyoomba, si kama mwenyekiti wa kamati. Machozi yalikuwa yananitoka puani.

Yeye akaendelea kusukuma ubao. Nikadhani ananidharau, nikasema moyoni, ana haki. Ubao ukaisha, akazima mashine, akageuka kuchukua mwingine, akashtuka. "Aa, Mwalimu! Karibu. Umefika saa hizi?"

Nilikuwa nimesimama kushoto kwake.

Nikamwambia ndiyo, nimefika sasa hivi. Nikamwuliza bei ya kabati la vyombo. Akanitajia. Nikamshukuru, nikaondoka. Barabarani nikacheka, kisha nikaona watu wananitazama.

Sasa nakuuliza, kwa kuwa katika ukoo huu wewe ndiye unayejua kusema jambo likasemeka. Nimeshasema. Mungu alinisikia. Inatosha, au nirudi?

Wifi yako,
Mama Pacha

24 Septemba

Mama Pacha,

Salamu baadaye.

Rudi. Simama kulia kwake, na mashine iwe imezimwa. Atakachokujibu usiniandikie.

Wifi yako